Bi Pimbi na Magobore ya Kilimamawe

Zamani hizo za kale, watoto, zamani ambazo hata bibi yangu alizikuta zimekwisha, wanyama walikaa vijijini kama sisi. Walikuwa na nyumba, mashamba, mwenyekiti, na vikao. Ee, vikao! Msidhani vikao vimeanza leo. Na wewe hapo nyuma, acha kumtekenya mwenzio. Hadithi hii hunikera tangu mwanzo, sitaki kuianza mara mbili.

Kijiji chenyewe kiliitwa Kilimamawe, na mwenyekiti wake alikuwa Tembo. Mwaka mmoja Chui alishuka mlimani akachukua watoto wawili wa Swala. Kijiji kikalia, na kilikuwa na haki ya kulia. Tembo akasafiri kwa wafanyabiashara wa mbali, akarudi na magobore mawili, zile bunduki ndefu za kizamani zinazoshindiliwa baruti mdomoni. Moja akampa Nyati, jingine akampa Ngiri. Akawavisha kofia, akawaita askari.

Sasa niambieni ninyi. Nyati, na pembe zile! Ngiri, na meno yale yanayofukua ardhi ya kiangazi! Hao ndio waliopewa bunduki, eti hawana cha kujilindia. Haya.

Chui hakuonekana tena, lakini magobore yalikuwa yameshanunuliwa, na vidole vya askari vilikuwa vinawasha. Mara paa! Akaanguka Digidigi, anachuma mboga. Mara paa! Akaanguka Sungura, anakimbia mvua. Mwaka wa pili, paa! Mzee Nungunungu, anatoka kuchimba mihogo yake mwenyewe.

Kikaitishwa kikao.

"Afande Ngiri, ilikuwaje?" akauliza Tembo.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, alikuwa na silaha."

"Silaha gani?"

"Mikuki. Mgongoni. Mingi sana."

"Ile ni miiba yake!" ikapasuka sauti kutoka nyuma. "Amezaliwa nayo!"

Aliyesema ni Bi Pimbi. Pimbi mnamjua, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, mnene kidogo, hana mkia, mwepesi kama nini. Bi Pimbi alikuwa na ulimi mwepesi kuliko miguu.

"Nilimwambia asimame," akasema Ngiri.

"Ulimwambia kabla ya kupiga au baada ya kupiga?"

Ngiri akafikiri. "Palepale," akajibu.

Hebu hesabuni wenyewe. Chui alikula wawili, magobore yamekula watatu. Mtoto wa chekechea angeona pana tatizo. Lakini wakubwa, ah! Wakubwa wakagawanyika. Kundi moja likasema magobore yachukuliwe leo leo. Kundi la pili likasema yakichukuliwa Chui atarudi kesho. Kundi la tatu likauliza kama kuna chai.

"Suala hili ni zito," akasema Tembo. "Tuunde kamati."

Kamati ikaundwa. Kamati ikaomba muda, ikapewa, ikaomba mwingine. Vikao saba, watoto! Saba!

Katika vikao vyote hivyo Bi Pimbi aliomba jambo moja tu. Mumewe, Shomari, alikuwa kiziwi. Homa ilimziba masikio zamani, akabaki mcheshi vilevile, ila hata ngoma ikipigwa kando yake hageuki. Na kila asubuhi, wakati ukungu bado haujainuka, Shomari alipita katikati ya mtama kwenda kukata majani ya chakula.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema Bi Pimbi, "sisemi magobore yaende wala yabaki. Nasema askari akimwona mtu, azunguke mbele yake, amwone uso, amuulize jina. Basi. Mume wangu hawezi kusikia 'simama'!"

"Mama, tunakuelewa kabisa," akasema Tembo kwa upole. "Sasa, huyu mumeo, hawezi kujitahidi kidogo kusikia?"

Bi Pimbi akaketi.

Kikao cha saba kikatoa azimio moja. Si la Nungunungu wala la Shomari. Kiliazimia kwamba magobore yasafishwe vizuri, na kwamba askari ambaye gobore lake litagoma kulia amekuwa mzembe, na atavuliwa kofia mbele ya kijiji kizima.

Makofi! Pa pa pa! Watu wakaenda nyumbani wameridhika.

Bi Pimbi hakwenda nyumbani ameridhika. Alikwenda amekunja uso, akakaa pangoni kwake, na machozi ya hasira yakamtoka. Aliona wazi kwamba atakuwa mjane, na kwamba kamati itampa pole.

Akainua macho. Mbele yake, kwenye kona kavu ya pango, vilikuwa vibuyu sita vya baruti ya kijiji.

Ndiyo, baruti ilikuwa kwake! Nyumba zote za Kilimamawe ziliezekwa nyasi, na zote zilivuja, hata ya mwenyekiti. Pango la Bi Pimbi peke yake halikuvuja. Basi kila Ijumaa askari walipita pale kuchukua baruti yao ya wiki.

"Ala!" akasema Bi Pimbi. "Nami nilikuwa nasubiri kamati!"

Alivibeba vibuyu kimoja kimoja hadi mtoni, akaimwaga baruti yote majini. Akarudi jikoni, akachukua mkaa, akautwanga twa, twa, twa, akauchekecha mpaka ukawa unga mweusi laini. Akavijaza vibuyu, akaviziba, akanawa mikono.

Ijumaa wakaja askari. Nyati akachukua yake akaenda zake. Ngiri, mwenye pua yake, akanusa. Fnf! Fnf!

"Bi Pimbi, mbona hii hainuki?"

"Inuke nini tena, afande?"

"Baruti hunuka. Kama yai viza."

"Aa, hiyo ni ile ya zamani. Hii iliyosafishwa haina harufu. Lakini kama afande hajawahi kuiona, niite wenzako waje wakueleze."

"Nani hajaiona?" Ngiri akatoa kifua. "Mimi nimeitumia sana hii! Nilikuwa nakujaribu tu."

"Najua, afande."

Asubuhi ya siku ya pili Bi Pimbi alipanda juu ya jiwe refu linalotazama shamba la mtama. Shomari alikuwa anakuja na mzigo wake wa majani kichwani, anaimba wimbo wake usio na sauti nzuri. Nyuma yake, kwenye ukungu, akatokea Nyati.

"Simama!" akanguruma Nyati.

Shomari akaendelea kuimba.

"Nimesema simama!"

Shomari akaendelea.

Nyati akainua gobore, akamlenga mgongo, akafyatua. Chak! Fsss.

Moshi kidogo tu, kama wa kibatari kilichozimwa. Kule juu ya jiwe Bi Pimbi alikuwa ameng'ata mkono wake mwenyewe mpaka damu ikatoka. Alijua baruti ni mkaa, ameutwanga mwenyewe, lakini moyo wake haukujua.

Nyati akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakuna aliyeona? Akaigusa kofia yake. Ikabidi afanye alichokuwa hajawahi kukifanya. Alikimbia, akamzunguka yule mtu, akasimama mbele yake.

"Wewe nani?"

Shomari akainua uso, akatabasamu meno yote. "Shikamoo, afande! Umeamka? Ukungu wa leo, loo!"

"Marahaba," akasema Nyati kwa sauti ndogo. "Kumbe ni wewe. Pita, baba, pita."

Wiki zikaenda. Mtama ukapaliliwa, ukachanua, ukavunwa, na Kilimamawe hakikusikia paa hata moja. Nyati hakumwambia Ngiri kwamba gobore lake limegoma, Ngiri hakumwambia Nyati. Kila mmoja alidhani ni lake tu, na kila mmoja aliipenda kofia yake. Kila Ijumaa walikuja kuchukua unga wa mkaa, wakamshukuru Bi Pimbi, wakaondoka.

Na Chui? Alikuja, wacheni haraka. Alikuja mchana kweupe wakati wa mavuno, akamkuta Nyati peke yake njiani. Nyati akafyatua. Chak! Fsss. Chui akacheka, akajikunja kuruka. Nyati hakuwa na pa kukimbilia, akainamisha kichwa. Gudu gudu gudu gudu! Chui akaona pembe mbili zinamjia, akapaa juu ya mkuyu, akashukia upande wa pili, na habari zake zikasikika vijiji vinne mbele.

"Nilimlenga," Nyati akawaambia watu. "Nikamkosa kidogo tu."

Ndipo Tembo akaitisha kikao cha nane.

"Ndugu wananchi," akasema, "tumekaa msimu mzima kwa amani. Hakuna aliyeuawa, na Chui amefukuzwa. Ni kwa sababu ya nini?"

"Magobore!" watu wakaitikia.

"Basi napendekeza tuongeze mengine kumi. Na baruti tusimsumbue tena mama yetu. Tumejenga ghala la bati, askari wataitunza wenyewe. Wanaoafiki?"

Mikono ikaanza kuinuka. Bi Pimbi akainuka kabla haijahesabiwa.

"Mheshimiwa! Kabla ya kuongeza kumi, afande Nyati atupigie moja tu, hapa hapa, juu hewani. Tulisikie linalotulinda."

"Wazo zuri," akasema Tembo. "Afande!"

Nyati akakohoa. "Mheshimiwa, leo kuna upepo."

"Afande Ngiri?"

"Mimi, mheshimiwa, bega linauma."

"Pigeni!" akafoka Tembo.

Chak! Fsss. Chak! Fsss.

Tembo akanyakua gobore, akafyatua mwenyewe. Chak! Fsss. Moshi ukamwingia puani, akapiga chafya, watu wa mbele wakalowa.

"Ni mkaa," akasema Bi Pimbi. "Ni mkaa tangu wakati wa kupalilia. Baruti niliimwaga mtoni mimi."

Hapo pakawaka moto! "Msaliti!" "Ametuacha uchi!" "Je, Chui angekuja?"

"Alikuja!" Bi Pimbi akapiga kelele. "Alikuja, ninyi watu! Afande Nyati, sema kweli. Chui alikimbia nini?"

Nyati akatazama chini. "Pembe," akasema.

"Pembe. Haya. Sasa sema na hili. Tangu wakati wa kupalilia, gobore hilo umefyatua mara ngapi?"

Nyati akahesabu moyoni. Alikuwa mkubwa, watoto, lakini hakuwa mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi katika hadithi hii.

"Mara saba ukimtoa Chui," akasema.

"Wataje."

"Mama Kanga, alikuwa anakwenda kwa dada yake. Mzee Kobe, nilidhani ni mtu amejificha chini ya ngao. Binti Swala. Twiga, niliona shingo tu."

"Simameni mliotajwa," akasema Bi Pimbi.

Wakasimama, mmoja mmoja, wakijishika vifua.

"Afande Ngiri," akaendelea Nyati.

"Mimi?" Ngiri akaruka. "Ulinipiga mimi?"

"Ulikuwa umeinama kwenye mihogo. Niliona mgongo."

Ngiri akashusha gobore lake. "Nami nilikupiga," akasema. "Jumanne ile. Nisamehe." Akasimama pamoja na wengine.

"Wa sita?"

"Wa sita..." Nyati akaivua kofia mwenyewe. "Wa sita ni Mheshimiwa Mwenyekiti. Mtama ulikuwa unatikisika."

Masikio ya Tembo yakaacha kupepea.

"Na wa saba ni mumeo, mama. Yeye ndiye alikuwa wa kwanza."

Mama Kanga akamgusa Shomari bega, akamwashiria asimame. Shomari akasimama, anatazama huku na huku, hajui kinachoendelea.

Tembo akainua mkonga. "Ndugu wananchi, suala hili, kwa kweli, ni zito. Labda tuunde kama..."

"Hatukai," akasema Mama Kanga.

"Hatukai," akasema Kobe.

Hawakukaa. Tembo mwenyewe alikuwa amesimama, na akagundua kwamba amesimama katika mstari wao.

Hapo Shomari akamgeukia mkewe, akauliza kwa mikono: Kuna nini? Mbona tumesimamishwa?

Bi Pimbi akamjibu kwa mikono: Hesabu inasema wewe ulikufa wakati wa kupalilia.

Shomari akaangua kicheko. Alidhani ni utani wa mkewe, kama kawaida yake. Akacheka peke yake, kwa sauti ile ya mtu asiyejisikia, mbele ya kijiji kizima, hai kabisa.

Tembo akakisikiliza kicheko kile mpaka mwisho. Halafu akayalaza magobore mawili chini, akainua mguu, akakanyaga. Kwaju! Akainua tena. Kwaju!

Kikao kikafungwa, na watu wakarudi kwenye mashamba yao. Nami nimefika mwisho, na funzo nalisema mara moja tu: anayepiga kwanza na kuuliza baadaye halindi kijiji, anakipunguza.