Hodi Tatu za Bi Ndezi

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na mji.
Ukajaa!
Palikuwa na msitu.
Ukatamaniwa!

Basi sogeeni. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sirudi nyuma.

Hapo kale, kale ya wanyama kusema na wakubwa kusikiliza, mji wa Tambarare ulijaa pomoni. Nungunungu alilala chumba kimoja na Sungura, na kila asubuhi Sungura alikuwa na malalamiko.

Lakini hakuna aliyesumbuka kama Bi Ndezi na wanawe. Nyumba yao ya bondeni ilikwenda na maji, baada ya wakazi wa mlimani kufyeka miti yao yote wapate pa kujenga. Sasa mama huyo aliishi chini ya ghala la jirani. Mmoja akijikuna, wote waliamka. Na masika yalikuwa njiani.

Akaenda kwa Mzee Kiboko, mkuu wa baraza la mji.

"Shikamoo, Mzee. Mvua zikianza, wanangu watalala majini."

"Marahaba. Kulala majini kuna ubaya gani?" akauliza Kiboko, kwa kuwa kila mmoja huiona dunia kutoka pale alipolala.

Hata hivyo hakuwa na roho mbaya. Akaita baraza. Baraza likazaa kamati, kamati ikazaa kamati ndogo, na kamati ndogo, baada ya chai, ikagundua kwamba kumbe katikati ya mji kuna msitu. Msitu wa Kivulini. Umekaa tu, haufanyi kazi.

"Tujenge huko," akasema Kiboko. "Lakini kwa mtu hakuingiwi bila hodi. Bwana Korongo, nenda kapige hodi."

Bwana Korongo alikuwa mpima ardhi. Vipimo vyake vilikuwa miguu yake mwenyewe. Akafika Kivulini jua la utosi. Akasimama ukingoni kwa mguu mmoja.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi wenyewe!"

Kimya.

"Hodi kwa mara ya mwisho!"

Kimya. Jani moja tu lilianguka, naye hakulitia maanani.

Akarudi. "Mzee, hodi tatu, jibu hakuna. Pale hapakai mtu."

"Basi itangazwe," akasema Kiboko. "Mahali palipopigwa hodi tatu pasijibiwe, hapana mwenyewe. Mwenye shida ya nyumba aingie."

Mbiu ya mgambo ikalia, na wa kwanza kupewa kiwanja Kivulini akawa Bi Ndezi.

Naona mnatazamana. Ndiyo, mama zenu waliwafunza vingine: hodi tatu bila karibu, mgeni hurudi zake. Haingii. Lakini lile lilikuwa baraza, na baraza halina mama.

Bi Ndezi alikuwa naye. Kabla hajang'oa hata jani, alijifunga kanga, akatia jembe begani, akawakusanya wanawe, akaenda kuwaamkia majirani wake wapya, kama wapo. Akafika jua likizama, akaimba:

*Hodi, hodi, Kivulini,*
*nina wana mgongoni,*
*na mvua i njiani,*
*nani yumo ndani?*

"Karibu!" sauti ikajibu kutoka juu. "Karibu!" nyingine kutoka shimoni. "Karibu, karibu!" kutoka kila tawi. Kumbe msitu mzima ndio kwanza unaamka! Popo walikuwa wakijinyoosha, Kakakuona akipangusa magamba, na Bibi Komba, mkubwa wao, akipiga miayo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekuja kuamkia na jembe?"

Bi Ndezi akaona haya. Akaeleza yote: mafuriko, ghala, baraza, Korongo na hodi zake.

"Alikuja mchana?" Bibi Komba akashika kichwa. "Mjukuu wangu, nani mwenye adabu zake anayeamsha watu mchana?"

Popo wakacheka mpaka mmoja akaanguka. Kisha Kakakuona akasema, "Sasa sisi tukitolewa, tutakwenda wapi?"

"Na mimi nisipoingia," akasema Bi Ndezi, "wanangu watakwenda wapi?"

Hapo hakuna aliyecheka.

Bibi Komba akamshika mkono, akampeleka chini ya miti, kwenye chemchemi. Ardhi ilibonyea kama mkate wa kumimina. "Mvua yote ya mji huu huja kulala hapa," akasema. "Mizizi ikiondoka, itatafuta pa kulala kwingine."

Bi Ndezi aliyajua maji yasiyo na pa kulala. Yalishapita chumbani kwake.

"Siingii, Bibi," akasema.

"Mama, na sisi je?" wakauliza wanawe.

Akawatangulia njiani. Wakarudi chini ya ghala, wakajikuna kwa zamu.

Kulipopambazuka, mawingu yalikuwa yamejaa. Bi Ndezi akaongozana na wanawe kwenda barazani kurudisha kiwanja. Nyumba ya baraza ilikuwa ndogo, lakini ilizungukwa na uwanja mkubwa ajabu, mweupe, usio na jani wala kivuli. Ulitunzwa kwa ajili ya gwaride, siku moja kila mwaka, baraza linapojipongeza. Bi Ndezi akauvuka, akasimama mlangoni.

"Hodi!"

Kimya. Akachungulia dirishani. Koti la Bwana Korongo lilikuwa kwenye kiti, yaani yupo, ametoka kidogo.

"Hodi wenyewe!"

Kimya. Mzee Kiboko alikuwa kwenye kikao, mtoni.

"Hodi kwa mara ya mwisho!"

Kimya. Tone la kwanza la mvua likamdondokea puani.

Bi Ndezi akautazama uwanja. Akawatazama wanawe. Mama yake angemwambia arudi. Lakini hapa hapakuwa kwa mtu, palikuwa kwa baraza, na baraza lilikuwa na sheria yake.

"Wanangu," akasema, "leteni jembe."

Habari ikaenea. Nungunungu akaja, Sungura akaja akikaa mbali naye kidogo, na wote wasio na pa kulala wakaja. Jioni wakaja na wa Kivulini kusaidia. Wakajenga kama ndege mnana anavyojenga, nyumba imeegemea nyumba, ghorofa juu ya ghorofa, na mbele ya kila mlango Bibi Komba akapanda mche.

Kikao kilipokwisha, Mzee Kiboko akatokea, Korongo nyuma yake.

"Nani kawaruhusu?"

"Wewe, Mzee," akasema Bi Ndezi. "Tulipiga hodi. Tatu. Hapakai mtu."

"Lakini koti la Bwana Korongo lilikuwepo!"

"Tuliliona, Mzee. Halikusema karibu."

Kiboko akamgeukia Korongo. Korongo akabadilisha mguu. "Kisheria, Mzee..."

"Kisheria nini?"

"Kisheria, wamo."

"Basi naibadilisha sheria!"

"Ibadilishe, Mzee wangu," akasema Bi Ndezi, "ila ibadilike kote. Hodi isiyojibiwa, mtu arudi. Hapa na Kivulini pia. Ukitutoa, nasi tutatoka."

Mvua ikashuka kwa nguvu. Kiboko akainama mlangoni kwa Bi Ndezi. Wale watoto walikuwa wamelala pakavu, kila mmoja amejinyoosha, kila mmoja akijikuna atakavyo bila kumwamsha mwenziwe. Akawatazama sana.

"Waache," akasema. "Na Kivulini asiguse mtu. Gwaride tutafanyia mtoni."

Moyoni alifurahi, gwaride la nchi kavu lilikuwa likimchosha siku zote.

Na mvua? Ilinyesha, ikapita kati ya nyumba, ikaenda zake Kivulini kulala.

Ngano yangu naifungia mlango hapo. Ikiwa tamu, mgawieni jirani. Ikiwa chungu, nirudishieni nikaiongezee sukari. Ila shikeni hili: kimya si ruhusa, na anayetafuta pa kujenga aanze na uwanja wake, ndipo atazame kivuli cha mwenzake.

Nami juzi nilipita kwa Bi Ndezi, nikapiga hodi moja tu, nikapewa uji. Barazani nimepiga tatu. Koti nimeliona.