Kuta Kumi na Saba za Maingu

Mtu mmoja aliyeitwa Maingu alirithi mteremko wa kilima, na juu ya mteremko huo kuta kumi na saba za mawe. Kilima kiko kisiwani, upande wa kaskazini wa ziwa letu, mahali ambapo watu ni wengi na udongo ni kidogo. Kuta zenyewe hazikuwa za nyumba wala za ngome. Zilikuwa fupi, za kumfikia mtu kiunoni, zimepangwa bila saruji, zikifuatana kama ngazi kutoka ufukweni hadi karibu na kilele. Nyuma ya kila ukuta palikuwa na kipande cha shamba, upana wake hatua sita au saba, na humo watu walilima uwele, mihogo na njugu mawe. Kama si kuta hizo, mvua chache zingeuteremsha udongo wote ziwani, na kilima kingebaki mwamba wa kuanikia dagaa.

Aliyeanza kazi hiyo aliitwa Manyonyi, babu wa babu yake Maingu. Alianza na ukuta mmoja kule chini, akafa kabla ya kuumaliza. Wanawe wakaumaliza, wakaanza wa pili. Ndipo watu wa kilima kile wakajiwekea desturi kwamba asipande mtu kutoka ziwani mikono mitupu. Aliyeshuka kuoga au kuvua samaki alirudi na jiwe, au na kikapu cha udongo uliokwisha kuteremshwa na mvua. Bibi harusi, siku ya kwanza ya kuingia kwa mumewe, alichagua jiwe lake ufukweni, akalipandisha kichwani, na mama mkwe akamwonyesha ukuta wa kuliweka. Mimi nilifundisha shule ya pale miaka sita. Wiki ya kwanza nilipanda na mkoba wangu tu, na bibi mmoja akaniuliza kwa heshima kabisa kama mgongo unaniuma. Nilirudi chini kuchukua jiwe. Shingo iliniuma siku nne, na hadi leo najivunia maumivu yale.

Kileleni palikuwa na jiwe moja kubwa kuliko ghala la nafaka, limekaa peke yake juu ya mwamba. Waliliita Jiwe la Mtemi, kwa kuwa ilisimuliwa kwamba mtemi wa zamani alisimama juu yake akahesabu mitumbwi ya adui, kisha akawapanga watu wake wakashinda. Huenda ni kweli. Jiwe ni zuri, na ukisimama pale unaliona ziwa mpaka macho yanachoka. Lakini mtemi hakulibeba jiwe lile wala hakulisogeza. Alilikuta, akapanda, akateremka.

Mwaka mmoja ikaletwa habari kwamba wakubwa wa wilaya wangezunguka visiwani kwa boti kutazama mahali penye historia. Mahali patakapowapendeza pangewekwa kibao na kuandikwa katika kitabu cha kuongoza wageni. Kila kijiji kikaanza kujipekua. Ng'ambo kulikuwa na kanisa la zamani lenye kengele, na kisiwa cha jirani kilikuwa na kaburi la mtu maarufu. Kijiji cha Maingu kikachagua Jiwe la Mtemi, na Maingu akawa mwenyekiti wa kamati.

Nitawaambia kilichokuwa moyoni mwake, maana alinieleza mwenyewe. Watu wa bara, kila walipokutana na watu wa kisiwa kile mnadani, waliwaita wabeba udongo. Waliwaita hivyo huku wakicheka, na Maingu alikuwa amelisikia jina hilo tangu angali mgongoni kwa mama yake. Lilimuuma. Aliona hii ndiyo nafasi ya kuwaonyesha watu kwamba nao wametoka kwa mtemi aliyeshinda vita, na si kwenye vikapu. Akapanga Jiwe la Mtemi lijengewe jukwaa, ngazi za kupandia na uzio wa mawe.

Tatizo likawa mawe. Zilibaki wiki saba, na kuyapandisha kutoka ufukweni hadi kileleni kungechukua miezi. Maingu akasimama juu ya kilima akatazama chini, akaona kuta tatu za juu kabisa, alizozijenga baba yake. Mawe yake yalikuwa bapa, yamechaguliwa vizuri, na yalikuwa hatua chache tu kutoka pale aliposimama. Kilikuwa kiangazi, uwele ulikwisha kuvunwa, na ukuta wakati wa kiangazi huonekana hauna kazi. Zaidi ya hayo zilikuwa zake. Nani angemkataza?

Jioni akamweleza mkewe, Nyangeta. Mama yule alikuwa akikoka moto, hakugeuka.

"Baba Nyabise," akasema, akimwita kwa jina la binti yao wa kwanza, "jiwe langu la harusi liko ukuta wa pili kutoka juu."

"Sasa litakaa mahali pa heshima zaidi," akajibu Maingu.

Nyangeta akachochea moto. Wajumbe wa kamati nao walipoambiwa walitazamana, kisha wakasema mali ni ya mwenyewe. Ndivyo tulivyo, tunaogopa kumkataza mtu anayetoa chake. Kuta zikabomolewa kwa siku nne. Ngazi zikajengwa, jukwaa likajengwa, na vyote vikapakwa chokaa vikang'aa hata mvuvi aliye mbali aliviona. Maingu alikuwa akipanda kila asubuhi kuvifagia, na njiani alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba yake.

Zikiwa zimebaki siku tisa wageni wafike, mvua ikaja kabla ya wakati wake. Ilitoka ziwani alfajiri, ikanyesha saa moja na nusu. Maji yaliyokuwa yakipokewa na ukuta wa kwanza kutoka juu, yakatulizwa, kisha yakapewa wa pili, siku hiyo hayakupokewa na mtu. Yalipita mahali palipokuwa na kuta tatu yakiwa na nguvu ya kuta tatu, yakaupiga wa nne ukalala, yakaupiga wa tano, yakaendelea hivyo hadi wa tisa. Udongo uliobebwa kwa vikapu na vizazi vinne ukateremka mbele ya macho ya watu. Mwingi ulitua katika shamba la Mazigo, jirani yake aliyelima nyuma ya kuta za chini, ukafukia mihogo yote. Uliobaki uliingia ziwani, na maji ya ufukweni yakawa mekundu mpaka adhuhuri. Ngazi nyeupe za Jiwe la Mtemi hazikupata hata ufa.

Maingu akakaa juu ya ngazi zile akalia. Alikuwa mtu mzima, mwenyekiti wa kamati, na alilia mbele za watu. Msimu wa kupanda ulikuwa umekaribia, na mahali pa kupanda palikuwa mwamba mtupu. Lakini aliniambia kwamba njaa haikuwa ya kwanza mawazoni mwake. Alikuwa akiwaza kwamba tangu Manyonyi hakuna aliyepokea kuta zile akaziacha zikiwa pungufu kuliko alivyozikuta. Wa kwanza alikuwa yeye.

Mazigo akapanda kutoka chini, matope yakiwa magotini. Watu walidhani atagombana, na angekuwa na haki. Akasimama mbele ya Maingu akasema, "Jirani, udongo wako uko shambani kwangu. Njoo tuupandishe."

Maingu akainuka. Hakwenda kwanza chini. Aliinama akaling'oa jiwe la juu la ngazi yake, lenye chokaa bado, akalibeba hadi pale ulipokuwa ukuta wa juu kabisa, akaliweka. Akarudi akachukua la pili. Nyangeta akajifunga kanga kiunoni, akaweka ngata kichwani, akatwaa kikapu na kuteremka. Hakuna aliyepiga mbiu. Kufika saa nne asubuhi watu walikuwa wakitoka kila upande wa kilima, hata wale ambao shamba lao halikuguswa, hata mzee mmoja kipofu aliyeshika bega la mjukuu wake huku jiwe likiwa kwenye bega lingine. Nilikuwapo. Nilifunga shule na sikuomba ruhusa kwa mtu. Nimeona mengi katika maisha yangu, nimeona magwaride na mapokezi ya wakubwa, lakini sijaona kitu kilichonifanya nijivunie kuzaliwa mtu kama kilima kile siku zile nane.

Siku ya tisa wakubwa wakaja. Kamati ilikuwa imesahau hata kutuma wa kuwapokea. Waliteremka kwenye boti wakakuta watu zaidi ya mia mbili wakipanda na kushuka, na kila aliyepishana nao aliwaamkia upesi akaendelea na safari yake. Kiongozi wao, bwana mmoja mwenye daftari na viatu vizuri, akapanda akihema hadi kileleni. Akalikuta Jiwe la Mtemi limekaa kama lilivyokaa siku zote, bila jukwaa, bila uzio, na chini yake alama za chokaa mahali ngazi zilipokuwa. Akamwita mtu aliyekuwa karibu, aliyekuwa na matope hadi usoni, bila kujua kwamba ndiye mwenyekiti.

"Tuliambiwa hapa kuna historia," akasema, na sauti yake ilikuwa na uchovu wa ule mlima. "Iko wapi?"

Hotuba ya Maingu ilikuwa na kurasa tatu. Hakuitoa. Alishusha kikapu, akanyoosha mgongo wake polepole kama mtu asiyemwogopa mtu.

"Mkubwa," akasema, "umepanda juu yake tangu ulipotoka kwenye boti."

Yule bwana akageuka akatazama chini. Alitazama kwa muda mrefu, kutoka ukuta wa juu hadi wa chini kabisa unaogusa maji, na midomo yake ilikuwa ikihesabu. Maingu hakungoja amalize. Alikinyanyua kikapu chake, maana waliokuwa nyuma yake walikuwa wakimsubiri apishe.

Mwaka ule walipanda kwa kuchelewa wakavuna haba, na nyumba nyingi zilikula mihogo ya kuomba. Mwaka uliofuata uwele ulisimama vizuri. Kibao hakijaletwa mpaka leo. Mawe yenye madoa ya chokaa yalionekana katika kuta kwa misimu miwili, kisha mvua ikayaosha yakawa sawa na mengine. Lile la Nyangeta halijulikani tena liko ukuta upi, na nilipomuuliza kama linamsikitisha, alinijibu kwamba mradi linashika udongo. Ukienda sasa utakuta kuta kumi na nane. Wa kumi na nane ni mdogo, uko juu kabisa, mahali ambapo zamani palionekana hapafai kitu, na Maingu anaujenga kwa mkono wake huku akijua hataumaliza.

Sasa niwaulize ninyi mnaopenda kusimulia ukuu wa kwenu: ngazi mnayosimama juu yake mkisimulia, mawe yake mmeyatoa wapi?