Fisi Muuguzi wa Bibi Nungunungu

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa na nani?"
"Na mgonjwa ndani!"
"Na bakuli lake la uji?"
"Liko mlangoni!"

Haya. Wewe Mwanasiti, meza kwanza hicho kisheti, mimi simsimulii mtu anayetafuna.

Alikuwapo Bibi Nungunungu, mzee, nyonga zimemgomea. Kutembea hawezi, kuchota maji hawezi, lakini nyumba yake anaipenda kuliko roho yake. Alishasema, "Mimi sihami. Nitauguzwa hapahapa kwangu." Basi wanyama wa bonde lile wakamtafutia wa kumtazama. Na wakamchagua nani? Fisi! Jamani, wanyama wale! Eti kwa kuwa ana nguvu za kumnyanyua.

Desturi ya bonde ni hii: mtu akiugua, kila nyumba inampelekea bakuli. Lakini kwa Bibi Nungunungu hapakuwa na anayeingia ndani, kila mmoja anaogopa miiba. Bakuli linaishia mlangoni, na mlangoni yuko nani? Haya, mnajua wenyewe.

"Mgonjwa wetu anakulaje?" anauliza Pundamilia.

"Anakula huyo! Ongezeni!" anasema Fisi.

Linakuja bakuli la maboga. Fisi analipokea, ngwa-ngwa-ngwa, linarudi tupu. Linakuja la uji wa mtama, ngwa-ngwa-ngwa, linarudi tupu. Linakuja la viazi, ngwa-ngwa-ngwa, tupu! Nani kasema fisi hali viazi? Huyo fisi wa kwenu. Wa kwangu anakula. Na majirani wanafurahi, wanachukua mabakuli yao, wanakwenda zao.

Na ndani je? Fisi akiingia, maji ya baridi, shwaa! "Geuka! Pinduka! Kimya!" Bibi akisema, "Baba, upande huo unaniuma," Fisi anamjibu, "Mgonjwa haulizwi." Anamtupia ganda la boga, anatoka. Bibi wa watu akakonda, miiba yote ikamlalia mgongoni. Mimi hapa huwa naona uchungu, msinicheke.

Sasa, kulikuwa na Sange, yule mdogo kama panya, mwenye pua ndefuuu. Yeye miiba haimsumbui, anapita katikati yake. Siku moja akaingia kwa tundu la nyuma kumjulia hali.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Una chochote cha kutia mdomoni? Nina njaa. Chakula nakisikia harufu mlangoni kwangu, hakifiki. Nitakufa hivihivi nakinusa."

Sange alilia, machozi yakamtiririka mpaka ncha ya pua, na pua ile mnaijua. Kisha akayafuta, akazunguka mbele.

"Hodi, Bwana Fisi! Pole na kazi."

"Kazi nzito," akasema Fisi, akijilamba.

"Mimi nakuonea huruma. Mgonjwa mmoja, bakuli mojamoja. Lakini kama na muuguzi naye angeugua, si yangekuja mawili mawili? La Bibi na lako?"

Fisi akamtazama Sange, akautazama mlango. Mate hayo, tii, tii, tii. Mara, puu! Yuko chini.

"Uwii! Kiuno changu! Nakufa mwenzenu!"

"Masikini! Usiinuke, ndugu yangu. Nitakuuguza mimi, tena kwa utaratibu wako uleule, maana mjuzi wa kazi hii ni wewe."

Sange huyoo, mbio, akatangaza bonde zima. Mabakuli yakaja, mawili mawili kweli. Sange akapokea la kwanza, akalisukuma ndani kwa pua. Akapokea la pili, akalisukuma ndani kwa pua.

"Bibi, uji huu unautaka na asali au na chumvi?"

"Na chumvi, mjukuu wangu."

"Na uegemee upande gani?"

"Wa kushoto. Huu mwingine unauma."

Kisha anatoka nje kwa Fisi. Maji ya baridi, shwaa! "Geuka! Pinduka! Kimya!"

"Sange," akanong'ona Fisi, meno yanagongana, "bakuli langu liko wapi?"

"Mgonjwa haulizwi, wala hajibiwi."

Pundamilia akasogea. "Mgonjwa wetu anakulaje?"

"Anakula huyo! Ongezeni!" akasema Sange. Shwaa!

Fisi akaruka juu. "Mwongo! Sijaonja hata kijiko! Na nimelowa chapachapa! Mtu anauguzwa hivi?"

"Ehee!" akasema Mzee Nyati, mkubwa wa bonde. "Kumbe wajua mtu hauguzwi hivi. Na Bibi wa watu ulimuuguzaje? Hebu tuingie tukamwone."

Fisi akarudi nyuma, akarudi nyuma, kinyumenyume mpaka ndani. Na Bibi ameshiba uji, nguvu zimerudi, miiba imesimama wima. Makalio hayo yakafika. Mamaaa! Fisi alitoka mle kama amechomwa moto, hakuuliza njia.

Tangu hapo majirani hawaachi tena bakuli mlangoni. Wanaingia, wanapita ubavuubavu, wanakaa chini, wanamuuliza Bibi anataka nini. Na Bibi hakuhama.

Hadithi yangu nimeifikisha hadi kitandani. Mwenye kushiba ameshiba, mwenye njaa kesho apike mwenyewe.

Fundisho? Ah, fundisho lipo. Mkiugua, wanangu, mtafuteni Fisi! Mgonjwa wa Sange nyonga zinamuuma mpaka leo, kazi yake kuulizwa anataka nini. Lakini yule aliyeuguzwa kwa utaratibu wa Fisi alipona siku ileile, akakimbia mpaka ng'ambo ya mlima.