Mwanakheri na Zimwi la Humo Humo

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, nafasi ipo. Palikuwa na mji, na mjini palikuwa na nyumba, na nyumbani palikuwa na mwanamke. Mji ni Shungi, nyumba ni ya vyumba vitatu, na mwanamke jina lake Mwanakheri.

Mwanakheri alizaliwa katika nyumba ya chungu kimoja. Ndugu sita walikula sinia moja. Yeye na dada yake walikuwa na kanga moja ya kutokea. Mmoja akienda harusini, mwenzake hubaki ndani. Siku alipoolewa na Mbaruku, fundi seremala, alijiapia moyoni kwamba nyumbani kwake hakitakosekana kitu.

Siku moja akaja mchuuzi. Mtu mrefu, kanzu safi, tenga mgongoni, na shingoni amejizungushia kitambaa kizito ingawa jua lilikuwa kali. Akatua barazani, akatoa chupa ya chai nyekundu yenye maua.

"Chukua, bibi. Huenda kesho ukaihitaji."

"Leo sina fedha."

"Mimi sitaki fedha. Nataka tukubaliane neno moja tu. Kilichomo nyumbani mwako, nikikuuliza kilipo ukajua, ni chako. Usipojua, ni changu."

Mwanakheri akacheka. Nani asiyejua vitu vya nyumba yake? Akakubali, akaichukua chupa.

Hakujua kwamba yule hakuwa mtu. Lilikuwa zimwi, na chini ya kile kitambaa, kisogoni, lilikuwa na kinywa cha pili.

Basi zimwi likawa linakuja kila siku ya gulio. Likileta mabeseni, Mwanakheri anachukua. Likileta mapazia, anachukua. Likileta magodoro, anachukua. "Huenda kesho ukayahitaji," linasema, naye anaona ni kweli, kwani kesho nani anaijua?

Chumba cha wageni kikajaa, wageni wakakoma kuja. Jiko likajaa, akawa anapikia uani. Chumba cha kulala kikajaa, Mbaruku akahamia barazani na mkeka wake.

"Mke wangu," Mbaruku akasema, "mimi nawatengenezea watu makabati mji mzima, na shati langu naliangika msumarini."

"Vumilia, mume wangu. Wewe hukulelewa kwenye chungu kimoja."

Mbaruku akachukua msumeno wake, akaenda kazini.

Jirani yao wa ukuta mmoja alikuwa Bi. Sikudhani, mkunga wa mtaa, mama mtu mzima asiyezungusha maneno. Alikuja asubuhi moja kunywa chai, akaletewa chai iliyopoa kwenye kikombe kisicho na mkono.

"Mwanangu," akasema, "una chupa kumi na moja za chai. Ziko wapi?"

"Zimo humo humo, bibi. Nikizitafuta nitaziona."

Siku moja zimwi likaja, halikutua tenga. Likauliza, "Mkasi wako uko wapi?"

"Umo humo humo."

"Humo wapi?"

Mwanakheri akaingia, akapekua, akatoka mikono mitupu. Zimwi likapenyeza mkono dirishani, likauchomoa mkasi bila hata kutazama. Likageuka upande, na Mwanakheri akasikia kitu kikivunjika kama mfupa. Kisha likampa mikasi miwili mipya, naye akasahau.

Siku ya pili likauliza, "Cherehani yako iko wapi?"

"Imo humo humo."

"Humo wapi?"

Cherehani ile aliinunua Mbaruku mwaka wa harusi. Mwanakheri akapekua mpaka jasho likamtoka, asiione. Zimwi likapenyeza mkono, likaichukua, likageuka upande. Safari hii Mwanakheri moyo ulimuuma. Lakini akapewa zulia, na zulia lilikuwa zuri.

Siku ya tatu Mbaruku alikuwa amekwenda kijiji cha pili kupachika milango. Ilikuwa alasiri. Zimwi likaja, likasimama pale pale, likauliza kwa sauti ile ile.

"Mize yuko wapi?"

Mize alikuwa binti yao, mtoto wa miaka minne. Mwanakheri alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua uso.

"Yumo humo humo."

"Humo wapi?"

Mikono ya Mwanakheri ikasimama juu ya ungo. Akaita, "Mize." Nyumba kimya. Akaita tena, na tena. Sauti yake ikamezwa na magodoro na mazulia, isifike popote.

"Ni wangu," zimwi likasema. Likafungua kitambaa, likageuka polepole ili Mwanakheri amwone mlaji. Kinywa cha kisogoni kilikuwa kipana, na katikati ya meno imekwama sindano ya cherehani.

Akili haikumwacha Mwanakheri.

"Neno tulilokubaliana ni wewe kuuliza na mimi kujua," akasema. "Hukusema nijibu kwa muda gani."

Zimwi likawaza. Neno ni neno, hata kwa mazimwi. "Jua likizama, naingia," likasema, likaketi barazani, kwani lilijua tabia yake. Likasema moyoni, huyu hatatoa kitu.

Basi Mwanakheri akaingia. Akabeba mabeseni ya chumba cha wageni, akayatia jikoni. Akabeba sufuria za jikoni, akazitia chumba cha kulala. Akabeba mapazia ya chumba cha kulala, akayarudisha chumba cha wageni. Jua limesogea, na rundo ni lile lile.

Bi. Sikudhani akasikia kishindo ukutani, akaja. Akaona zimwi limefunua kisogo, akamsikia Mwanakheri anamwita Mize huku anahangaika na vitu, akaelewa.

"Mwanangu, unahamisha. Hutoi."

"Nikivitoa vitakwenda wapi?"

"Wewe toa. Watu wapo."

Akaenda kuwaita majirani. Mwanakheri akatoka na beseni. "Huenda kesho ukalihitaji," likasema zimwi. Akalirudisha. Akatoka na chupa ya chai. "Huenda kesho ukaihitaji." Akairudisha. Akatoka na zulia. "Huenda kesho ukalihitaji." Akageuka nalo, na alipofika mlangoni akasikia, mbali huko ndani, mtoto anakohoa.

Akalitupa zulia uani.

Tangu hapo hakurudisha kitu. Akishika kitu hujiuliza, hiki nakijua kazi yake? Kama anaijua, anakitenga. Kama haijui, anakipitisha mlangoni. Uani majirani wamefika, na Bi. Sikudhani amesimama kati yao.

"Asichukue mtu asichokuwa na kazi nacho," akasema, "zimwi lisije likahamia kwake."

Mwanamke mmoja alishika chupa tatu za chai.

"Za nini tatu?" Bi. Sikudhani akamuuliza.

Yule akafikiri, akairudisha moja, kisha ya pili. Muuza uji akapata sufuria. Vijana waliohamia juzi wakapata godoro. Kila kitu kilipopata mkono wenye kazi nacho, kanzu ya zimwi ililegea kidogo mabegani.

Jua lilipofika juu ya mapaa, Mwanakheri alishika bunda dogo lililofungwa kwa kanga. Akalijua kabla ya kulifungua. Zilikuwa nguo za mtoto wake wa kwanza, wa kiume, ambaye hakufika arubaini. Hakuwa ameziona kwa miaka saba.

Akakaa chini.

"Hizo nazo utatoa?" zimwi likauliza kwa upole. "Kaa nazo kidogo. Hakuna haraka."

Naye akakaa nazo. Majirani wakatazama chini. Jua likashuka. Bi. Sikudhani, ambaye ndiye aliyempokea mtoto yule duniani, akaja akaketi karibu yake.

"Jina lake hatutalitoa," akasema. "Nguo ni nguo."

Mwanakheri akatoa kofia moja ndogo, akaifunga pembeni mwa kanga aliyovaa. Zilizobaki akamkabidhi binti mmoja mjamzito aliyesimama ukutani. Binti akazipokea kwa mikono miwili. Mwanakheri akasimama, akarudi ndani, na sasa alifanya kazi kama mtu anayezima moto.

Nyuma ya rundo la mwisho, magodoro mawili yalikuwa yameangukiana, na katikati yake pamebaki uwazi mdogo. Mize alikuwamo, amelowa jasho, sauti imemkauka kwa kulia. Mama yake akamvuta, akambeba mpaka barazani. Jua lilikuwa limebakisha ukucha.

"Umeuliza Mize yuko wapi," akasema. "Yuko hapa."

Zimwi likasimama. Lilikuwa limekonda, kanzu inaning'inia. Likanyoosha mkono, likampa chupa ya chai, nyekundu, yenye maua.

"Chukua. Huenda kesho—"

"Kesho ikija nitaitazama," Mwanakheri akasema. "Toka barazani pangu. Hapo alikuwa analala mume wangu, na leo atalala ndani."

Zimwi likajitwika tenga, likaondoka na njia ya gulioni. Halikufa. Mazimwi ya namna ile hayafi. Hutafuta baraza nyingine.

Mbaruku aliporudi magharibi, alisimama mlangoni akadhani amekosea nyumba. Akamwona mkewe ameketi sakafuni, mgongo ukutani, hana nguvu hata ya kuinuka kumpokea. Akamwona Mize anakimbia kutoka ukuta hadi ukuta, anagusa, anageuka, anakimbia tena. Hakuwahi kukimbia ndani ya nyumba ile. Hakujua kama ina kuta.

Mbaruku akavua viatu, akaketi karibu na mkewe, wakamtazama mtoto mpaka akachoka.

Hapo ndipo hadithi yangu inapotua mzigo wake. Nawaambieni, wanangu: shika kile unachokijua kazi yake, na usichokijua mpe mwenye haja nacho, maana nyumba ikijaa vitu, watu hupotea ndani yake.