Mpigo Uliochelewa Katika Ubeti wa Pili

Mpigo ukichelewa, muulize mpigaji.

Leo, wanangu, mmemsikia mwalimu wa kwaya akimwambia mwenzake maneno hayo, mkaja kwangu mbio kuuliza yametoka wapi. Mmefanya vema. Methali nyingi tumezikuta tu, hatujui nani alizitamka kwanza. Hii tunajua. Ilizaliwa hapa hapa Voi, nami nilikuwepo, gitaa la besi mapajani. Basi sikilizeni ilivyokuwa.

Tulikuwa na bendi ndogo. Mwimbaji wetu aliitwa Wakesho, na mpiga ngoma alikuwa kaka yake, Righa. Wakesho alikuwa na sauti ndefu. Akishika neno alilivuta mpaka msikilizaji anasahau kupumua. Righa alikuwa mtu wa maneno machache. Mchana alichomelea madirisha ya chuma, jioni akapiga ngoma, na sidhani kama aliona tofauti kubwa kati ya kazi hizo mbili.

Mwaka ule redio moja ya Mombasa ilitangaza shindano la bendi za pwani. Washindi wangepanda jukwaani mbele ya maelfu ya watu, na nyimbo zao zingepigwa redioni kila siku. Sisi tulizipata habari zikiwa zimepoa. Nyimbo zilitakiwa kufika Ijumaa adhuhuri, na tuliingia studio Alhamisi asubuhi.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la magurudumu, kando ya barabara kuu. Mwenyewe aliitwa Mnjala, kijana mwembamba asiyejua kutulia. Hata akiketi, goti lake lilichezacheza. Kutani alikuwa amepigilia magodoro ya zamani ili kelele zisiingie, lakini malori ya Mombasa hayakujua godoro ni kitu gani. Kila lori zito lilipopita tuliacha kupiga tukangoja. Feni nayo ilizimwa, maana ilivuma ndani ya vipaza sauti. Tulilowa jasho kabla hatujapiga noti ya kwanza.

Tuliupiga wimbo wote pamoja, mwanzo mpaka mwisho. Mnjala akatuambia, "Sasa ngojeni kompyuta isikilize."

Alitaka kuongeza tarumbeta alizokuwa nazo ndani ya mashine, na tarumbeta hizo zisingekaa sawa mpaka mashine ijue mwendo wa wimbo wetu. Programu yake iliweza kusikiliza muziki uliokwisha kurekodiwa na kukisia una mapigo mangapi kwa dakika. Kisha ilichora mistari ya wima kwenye skrini, kila mpigo na mstari wake, mithili ya uzio wa miti.

Mashine ikasikiliza. Mara ikasema mia na kumi na nane. Mnjala akabonyeza tena, ikasema hamsini na tisa, kama mtu aliyehesabu mguu mmoja tu wa mtembeaji. Mnjala akaguna. Akacheza wimbo huku yeye mwenyewe akigonga kitufe kwa kidole, kuifundisha. Safari hii ikashika. Mistari ikapangana vizuri ubeti wote wa kwanza, ikavuka kiitikio, lakini ilipofika ubeti wa pili ikaanza kuachana na ngoma. Chini ya skrini palikuwa na mstari mwingine ulioonyesha mwendo unavyokwenda. Katika ubeti wa pili mstari huo uliinama kama tawi lililokaliwa na ndege.

"Kaka Righa," Mnjala alisema, "hapa unalala, mwendo unashuka."

Righa akatikisa kichwa kukubali. "Turudie."

Tukarudia. Mstari ukainama pale pale. Tukarudia tena. Lori likatuharibia, tukaanza upya, jua likapanda juu ya mabati, na kila tulipofika ubeti wa pili tawi lile liliinama. Mimi mwenyewe nilianza kuuogopa ubeti ule. Vidole vyangu vilikuwa vinaingia ndani yake kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa.

Wakesho ndiye aliyelipuka kwanza. "Righa, ndugu yangu, unataka nini? Nimeimba kwenye mazishi ya watu tangu nikiwa msichana. Leo mlango umefunguka, wewe unaniwekea mguu?"

"Sikuwekei mguu."

"Basi piga!"

Righa aliinamisha kichwa akavifuta vijiti vyake kwa shati.

Mnjala akatazama saa. "Acheni kugombana. Nitamnyoosha mimi." Akaanza kuyashika mapigo ya Righa kwenye skrini, moja moja, na kuyavuta mpaka yakakaa juu ya mistari. Kazi ilipokwisha akatusikilizisha. Kweli ngoma ilikuwa imenyooka. Tarumbeta za mashine zikaingia bila tatizo. Kilichobaki ni Wakesho kuimba upya juu ya ngoma ile.

Akavaa hedifoni, akaimba. Ubeti wa kwanza ulikuwa mtamu. Katika ubeti wa pili sauti ikakatika kabla ya neno la mwisho. Akaomba arudie. Ikakatika tena. Mara ya tatu aliuwahi mstari wa kwanza, akaukosa wa pili, akavua hedifoni na kuitupa juu ya kiti.

"Hii ngoma inanikimbiza!" alisema. "Kama vile kuna mtu nyuma yangu."

"Ni mwendo ule ule wa ubeti wa kwanza, dada," Mnjala alimjibu. "Sijaongeza kitu."

"Basi nataka hewa." Akatoka.

Tukabaki watatu chumbani. Mnjala aliketi akiitazama skrini, goti likicheza. Kisha akasema, "Kaka, hebu piga wimbo wote peke yako, tangu mwanzo. Hakuna sauti wala besi. Nataka kuona kitu."

Righa akapiga. Mashine ikasikiliza, ikachora. Mstari wa mwendo ulipita ubeti wa kwanza, ukapita kiitikio, ukapita ubeti wa pili umenyooka kama reli.

Ndipo goti la Mnjala lilipotulia. Mimi nililiona.

"Ukiwa peke yako hulali," alisema. "Tangu asubuhi nakusukuma na kukunyoosha, wala sijakuuliza. Kaka Righa, ubeti wa pili kuna nini?"

Righa aliviweka vijiti juu ya ngoma. Lori moja likapita, likaenda zake.

"Namsubiri," alisema hatimaye. "Sikusudii. Nikimsikia anavuta pumzi, mikono inalegea yenyewe. Zamani alivuta pumzi moja akaumaliza mstari. Sasa huvuta mara tatu. Tangu mvua za mwaka jana ni hivyo, na inazidi."

"Umemwambia?"

"Nilimwambia. Akanijibu nipige ngoma, nisipige ramli."

Mnjala akazima ngoma, akazima besi, akaacha sauti ya Wakesho peke yake, kisha akaongeza nguvu ya spika. Hapo tukasikia kile ambacho vyombo vilikuwa vimekifunika. Kati ya neno na neno palikuwa na pumzi fupi fupi, zenye mkwaruzo, kama za mtu aliyepanda mlima na mzigo. Wimbo wenyewe ulikuwa juu ya mvua, wa furaha. Tulishindwa kuumaliza.

Tulimkuta nje ameketi juu ya gurudumu kuukuu, mkono kifuani. Alikuwa amevua viatu. Vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba, kamba za viatu zimeacha alama nyekundu ngozini.

"Dada," Righa alisema, akachuchumaa mbele yake, "tangu lini?"

"Ni joto tu. Nipeni dakika chache, tumalize."

"Hatumalizi," Mnjala alisema. "Twende hospitali."

Wakesho alimkazia macho. "Kesho adhuhuri nyimbo zinafungwa. Unaelewa? Watu wamenisikia kwenye makaburi yote ya wilaya hii. Mara moja tu nataka wanisikie wasiolia."

Nilimwona Mnjala akigeuka kuutazama mlango wa studio, maana na yeye kazi ile ilikuwa bahati yake. Akarudi ndani. Nilidhani amekwenda kuwasha vipaza sauti. Akatoka na ufunguo wa mlango mkononi, akafunga kufuli mbele ya macho yetu.

"Umefanya nini?" Wakesho aliuliza.

"Leo hapana studio."

Wakesho akasimama amfuate, akapepesuka. Righa alimdaka kabla hajafika chini. Mwenye duka la magurudumu alituona, akaleta gari lake bila kuombwa, tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa kaka yake. Njia nzima Wakesho alinung'unika kwamba tumemwibia wimbo. Righa alimwitikia tu, "Ndiyo, dada. Tumekuibia."

Daktari alimpima, akatuita pembeni. Alisema mlango mmoja wa moyo wake haufungi sawasawa, tena ni ugonjwa wa siku nyingi, huenda ulimwingia utotoni na homa fulani ambayo hakuna aliyeijali. Mapafu yalikuwa yameanza kushika maji. Alisema tumemfikisha kwa wakati, lakini muda uliobaki ulikuwa mfupi.

Jioni mama yao alifika akiwa na kanga ya sokoni, mikono bado ina udongo wa viazi. Alitushika mmoja mmoja. "Mimi nalala naye nyumba moja, sikujua. Nyinyi mmejuaje?"

Mnjala hakuwa mtu wa kupamba maneno. "Mpigo ulichelewa, mama. Tukamuuliza mpigaji."

Yule mama aliyarudia maneno yale. Baadaye kila aliyekuja kumjulia hali mgonjwa alisimuliwa, na kila aliyesimuliwa alimalizia kwa maneno hayo. Yakafika sokoni. Siku moja mchuuzi mwenzake na mama yule alitaka kumfukuza msichana aliyekuwa anachelewa kufungua kibanda. Mama Righa akamwambia, "Mpigo ukichelewa, muulize mpigaji." Ikaonekana kwamba msichana alikuwa akimbeba nyanya yake aliyepooza, kumpeleka kwa jirani kabla ya kazi. Tangu hapo maneno yale hayakuhitaji tena kusimuliwa na hadithi yake. Yalijitembelea yenyewe.

Shindano walishinda watu wengine. Wimbo wao siukumbuki.

Wakesho alifanyiwa upasuaji Nairobi, akakaa miezi mingi bila kuimba, na miezi hiyo hakuwa mtu rahisi kukaa naye. Aliwagombeza wauguzi, akamgombeza Righa, akaigombeza redio. Siku aliyoruhusiwa kuimba alitutaka wote studio kabla hata hajafungua mizigo.

Tukapiga wimbo wa mvua. Nilijua wote tunauwaza ubeti wa pili. Ulipofika niliyafumba macho. Tulipomaliza, Mnjala akaiambia mashine isikilize, na mstari wa mwendo ukaanza kujichora polepole. Ukapita kiitikio. Ukaingia ubeti wa pili bila kuinama. Ukapita.

Righa alivishusha vijiti chini taratibu, akaufunika uso kwa mikono miwili.

"Mbona mnaitazama skrini kama mmeona mzimu?" Wakesho aliuliza kutoka kwenye kipaza sauti. "Nimekosea?"

"La, dada," Mnjala alisema. "Hapana aliyekosea."

Basi wanangu, mkimwona mwenzenu amelegea pale ambapo zamani hakulegea, msikimbilie kumsukuma wala kumnyoosha. Huenda anabeba jambo, au anamngoja mtu ambaye nyinyi hamumsikii. Mpigo ukichelewa, muulize mpigaji.