Kiboko Akana Kiwanda Chake

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na kiwanda.
Kikawaka!
Palikuwa na mwenye kiwanda.
Akakana!

Kiboko alikuwa na kiwanda cha mitungi kando ya mto. Alikuwa mchoyo wa kuni. Mtungi wa kuchomwa siku tatu, yeye aliuchoma siku moja. Watu wakanunua, wakatia uji wa moto. Paa! Mtungi ukapasuka, Kobe akaungua shingo. Paa! Kanga akaungua miguu. Paa! Nungunungu akaungua, ila hakusema wapi.

Wote watatu wakashitaki kwa hakimu Korongo. Sheria ya mto ilijulikana: mwenye kiwanda kinachounguza watu hutiwa shimoni masika matatu.

Kiboko akamwita Nguchiro, mfagiaji wake.

"Nguchiro, umefagia vya kutosha. Leo nakupandisha cheo. Kiwanda ni chako, mimi ni mpagazi wako."

Nguchiro akajua shimo linamtafuta nani. Akajua pia kwamba akikataa atakanyagwa.

"Ahsante, bwana mkubwa. Basi tuandikiane. Kiwanda changu?"

"Chako." Kiboko akapiga mguu wa tope juu ya karatasi. Pwata!

"Na tanuri?"

"Lako." Pwata!

"Na ghala la mahindi? Mwenye kiwanda asiye na ghala, hakimu atamsadiki?"

Kiboko akafikiri. Nguchiro akishaingia shimoni, nani atamzuia kulichukua tena?

"Lako." Pwata!

Siku ya kesi Korongo akauliza, "Kiwanda cha nani?"

"Cha Nguchiro!" akasema Kiboko. "Mimi nabeba udongo tu."

"Tanuri la nani?"

"La Nguchiro!"

"Ghala la nani?"

"La Nguchiro! Muhuri huo hapo, mheshimiwa!"

Korongo akanyoosha bawa kuelekea shimo. Nguchiro akawageukia walioungua.

"Poleni, jamani. Nikikaa shimoni, nyinyi mtapata nini? Ghala langu limejaa. Kila mmoja achukue magunia kumi, anisamehe."

Kobe akajipapasa shingo. "Shimo haliliwi," akasema. Wenzake wakacheka, wakakubali. Korongo naye akakubali, maana kusamehe ni haki ya aliyeumia.

"Mpagazi!" akaita Nguchiro. "Beba!"

"We Nguchiro, koma! Mahindi hayo ni ya..."

Korongo akageuza shingo. "Ya nani?"

Kiboko akatazama mahindi. Akatazama shimo.

"Ya bwana Nguchiro, mheshimiwa. Nilikuwa nauliza tu, nianze na gunia lipi?"

Akabeba magunia thelathini. Tii, tii, tii. Kesho yake akabeba kuni za siku tatu, na mitungi ya Nguchiro haikupasuka.

Funzo lake ni hili, wanangu: tajiri akikupa cheo ghafla, tia dole upesi, wala usimuulize kitu. Wakubwa hawana hila.

Ngano imefika kikomo. Ikiwa tamu, niliitunga mimi. Ikiwa na kasoro, nilisimuliwa.