Kichwa cha Samaki wa Mbwana

Sogeeni, na mwenye kutafuna atafune polepole, maana leo nina haraka. Nimetoka sasa hivi kwa Bi Mwanamvua, kule mto unakoingilia baharini. Chakula nimekiacha kimefunikwa kwa kawa na hakuna aliyekigusa. Nimetumwa kwenu na swali, lakini siwezi kuuliza kabla hamjawajua watu wenyewe.

Wa kwanza ni Shekue, fundi viatu. Huyu ana mikono ya kuufanya mpira uogelee. Huchukua kandambili kuukuu, akachonga kisamaki cha urefu wa kidole, akakipachika mkia mwembamba wa tyubu ya baiskeli, na kichwani akakitia chubwi, lile donge la risasi la kuzamishia mshipi. Ukikivuta majini kinacheza mpaka wewe mwenyewe unatamani kukila.

Wa pili ni Makame, kaka yake Bi Mwanamvua. Huyu ana macho ya kusoma mchanga. Maji yakitoka hupita akisema hapa amelala samaki taa, hapa kaa amekimbia, hapa ukingo umeoza chini, usikanyage.

Wa tatu ni Mwanaidi, binti wa Bi Mwanamvua. Huyu akitaka jambo haachi. Atakuomba asubuhi, atakuomba mchana, na ukijifungia ndani atakuombea dirishani.

Alikuwepo na wa nne, Mbwana, kaka yake Mwanaidi. Maji yalimchukua miezi mitano iliyopita. Kama ahesabiwe au asihesabiwe, hilo nawaachia nyinyi.

Siku ile Mbwana alimwambia mama yake, "Mama, injika chungu, narudi na kichwabapa." Mnamjua kichwabapa? Ni yule samaki aliyebanwa kama aliyekaliwa, anayejifukia mchangani akabakiza macho tu. Macho yake yako juu ya kichwa, yanatazama mbinguni, yanangoja kitakachoshuka. Mbwana alivua kandambili zake akaziacha ufukweni, akaingia na mshipi wake hadi mchanga unapokatika na kilindi kinapoanza. Ilikuwa mchana kweupe. Ukingo ukabomoka. Watu waliona mkono, kisha hawakuona kitu. Alitafutwa siku tisa, hakupatikana.

Bi Mwanamvua hakukiondoa chungu mafigani. Kitoweo akakikataa. "Mwanangu ameniahidi," alisema. "Sionji kingine kabla ya hicho." Akawa anaishi kwa uji mwepesi, na uji nao akaanza kuuacha nusu. Mwezi wa tano bangili zilikuwa zinamchomoka mkononi zenyewe. Nawaambia, nilikuwa naogopa kumtembelea.

Na kule mtoni watu waliacha kuvua. Kila maji yalipotoka, zilionekana nyayo za miguu mitupu zikielekea ukingoni, wala hakuna zilizorudi. Tukamwuliza Makame, msomaji wa mchanga, ni nyayo za nani. Akasema macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Macho hayo hayo yalikuwa yanaona kisigino cha kaa!

Basi Mwanaidi, ambaye hajawahi kushika mshipi maishani, akasema samaki wa chungu kile atamleta yeye.

Alikwenda kwa Shekue. "Kaka Shekue, nichongee chambo."

"Sichongi tena," alisema Shekue.

Akarudi jioni, akarudi kesho yake. Siku ya tatu Shekue akasema, "Haya. Lakini niletee kandambili ya Mbwana. Nyingine kisu changu kinazikataa."

Kandambili zile mama alikuwa amezipanga mlangoni, kama mtu yumo ndani. Akatoa ya kushoto. Ya kulia ikabaki mlangoni. Shekue alichonga siku nzima, na alipomkabidhi Mwanaidi kile kisamaki hakumtazama usoni.

Alikwenda kwa Makame. "Mjomba, nionyeshe anapolala kichwabapa."

Makame alitazama mbali. Kisha akavaa nguo zake za kazi akatangulia. Maji yalikuwa yametoka. Kwenye mchanga wa utelezi akamwonyesha alama iliyochorwa kama jani refu, pana mbele na nyembamba nyuma. "Hiki ni kitanda chake. Mtu halali mara moja mahali pazuri, atarudi. Maji yakianza kutoka kesho, simama hapa, nyuma ya kijiti hiki, utupe kule. Mbele ya kijiti usisogee hata ukiitwa."

"Niitwe na nani, mjomba?"

Makame akakididimiza kijiti mchangani, akageuka kurudi.

Mwanaidi naye akatoa alichonacho, ule ung'ang'anizi wake. Siku ya kwanza aliinasa kanga yake mwenyewe, ndoana ikabaki kwenye pindo, Shekue akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Siku ya pili alinasa gogo, akaingia majini kukiokoa chambo huku Makame akimkemea arudi nyuma ya kijiti. Siku ya tatu kitu kiligonga, naye akavuta kwa nguvu zote, mshipi ukarudi mtupu. "Pupa," alisema Makame. "Yule kwanza huonja. Ukivuta anapoonja, unamnyang'anya."

Siku ya nne ndiyo leo asubuhi. Alisimama nyuma ya kijiti. Shekue na Makame walikuwa nyuma yake hatua ishirini. Akatupa, akakiacha kisamaki kizame mpaka mshipi ukalegea. Akakiinua mara mbili kwa kidole, akakiacha kizame tena. Kikagongwa. Mkono ukataka kuvuta. Hapo akasikia sikioni, karibu kabisa, "Subiri, Idi."

Idi! Mtu mmoja tu duniani alikuwa anamwita hivyo.

Akasubiri, machozi yanamtiririka. Mshipi ukawa mzito. "Sasa," ikasema ile sauti, akavuta, akarudi kinyumenyume mpaka kichwabapa mrefu kama mkono wake akatua mchangani, anapiga mkia. Shekue akamfunga kwa kanga, maana shavu lake lina miiba. Kwenye mchanga aliposimama Mwanaidi palikuwa na nyayo zake, na ubavuni mwake jozi nyingine ya miguu mitupu, mipana. Makame akaziona. Akazifuta kwa mguu.

Samaki akapikwa kwenye chungu kilekile, kwa nazi na ndimu. Mimi ndiye niliyekuna nazi, kwa hiyo yanayofuata sikuhadithiwa.

Sasa, kwetu samaki wa kwanza wa mtu anayejifunza ana desturi yake. Kichwa hakikatwi vipande. Hupewa mtu mmoja, yule aliyemfikisha samaki nyumbani, na mkubwa wa nyumba humpa pamoja na radhi zake. Kabla kichwa hakijapata mwenyewe, mkubwa hatii tonge kinywani. Bi Mwanamvua akakiweka kichwa kwenye sahani, akasema, "Ninyi watatu mmenishinda. Nani amemleta?"

Shekue akasema, "Mama, bila chambo changu asingefungua mdomo. Nipe mimi. Nahitaji radhi zako kuliko hawa. Mimi ndiye niliyemwambia Mbwana kwamba samaki wakubwa wanalala ng'ambo ya ukingo. Nilitaka tu vyambo vyangu visifiwe."

Makame akasema, "Bila macho yangu wangetupa mahali patupu. Nipe mimi, dada yangu. Siku ile niliuona ukingo umeoza, na nilimwona anaelekea kule. Alikuwa amenicheka mbele za watu, nikajisemea sitamsemesha mimi kwanza. Nikamwacha apite."

Mwanaidi akaanguka magotini. "Mimi ndiye niliyeshika mshipi, mama. Nami ndiye niliyemsumbua Mbwana asubuhi nzima. Nilimwambia leo asirudi mikono mitupu, mwanamume gani anayelisha mama yake mchicha kila siku. Hakutaka kwenda, mama! Alikwenda ili ninyamaze."

Mikono ileile iliyokijaza chungu ndiyo iliyokuwa imekiacha kitupu, na kila mmoja kwa kipaji chake.

Bi Mwanamvua hakulia. Aliuliza tu, "Na pale majini, nani alikufundisha kusubiri?"

Mwanaidi akamwambia. Ndipo mama alipogeuka kutazama mlangoni, nasi sote tukageuka. Kandambili ya kulia, ambayo haikuwa imeondoka pale mlangoni miezi mitano, ilikuwa imelowa. Ilikuwa na mchanga mbichi, na maji yake yalikuwa yametambaa hadi kwenye mkeka tunaolia chakula, mahali alipokuwa anakaa Mbwana.

Makame akaanza kusoma yale maji, kisha akafumba macho.

"Nikimpa Shekue," alisema Bi Mwanamvua, "nitakuwa nimewanyima hawa wawili. Nikimpa Makame, vilevile. Nikimpa Mwanaidi, wataona nimempa kwa kuwa ni wangu. Nikimpa mwenye kandambili, walio hai nitawaacha na mzigo wao mpaka wanazikwa. Nikisema hapewi yeyote, chungu kitarudi mafigani, na mimi sitakiona kikijaa tena." Akakifunika kichwa kwa kawa, akanitazama. "Nenda kawaulize wasiokuwepo. Wao hawana cha kusamehewa hapa."

Basi nimekuja. Mniangalie mkono huu, bado unanuka nazi. Mngekuwa ninyi mmeishika sahani ile, na watatu wamepiga magoti mbele yenu, na maji yanaendelea kutambaa kwenye mkeka, mngeiweka mbele ya nani? Semeni, nami niende mbio, maana chakula kinapoa na mama wa watu hajala.